Saraka ya harusi inataka 480,000 kwa mwaka, nilipe au niache?

"Habari mtaalamu. Mimi ni mpambaji wa kumbi hapa Dodoma, naishi Nkuhungu, nilianza 2021 na vitambaa vya kuazima ila sasa hivi nina meza kuu yangu, viti vya maharusi na vifaa vya kupamba ukumbi wa watu hadi 300. Wateja wengi wananipata kanisani au kupitia kamati niliyowahi kuifanyia kazi. Kuna saiti inaorodhesha watoa huduma za harusi Tanzania nzima, wamenipigia wanataka 480,000 kwa mwaka niwe nafasi ya juu upande wa Dodoma, wanasema nitapata wateja 20 kila mwezi na ofa inaisha Ijumaa. Mwaka jana nililipa 120,000 kwa saiti nyingine nikapata simu nyingi za kuulizia bei alafu kimya, sikupata kazi hata moja. Huyu wa sasa anasema bila saiti kama yao Google haiwezi kuniona kabisa. Naogopa kupoteza hela tena, na pia naogopa kuachwa nyuma maana kuna wapambaji vijana wanakuja na picha kali wanachukua kazi. Nifanyeje?"

Dada yangu, pole sana kwa ile 120,000, na umefanya vizuri kuuliza kabla hujatuma hela safari hii. Jibu langu ni kwamba Ijumaa usilipe. Sisemi saraka ni wizi (saraka ndio naita hizo saiti za kuorodhesha watoa huduma), nimefanya kazi na wapishi, wapiga picha na wapambaji wa hapa hapa Dodoma ambao saraka imewaletea kazi nzuri tu, ila kwa hali uliyoeleza hiyo hela ukiitoa wiki hii utakuwa umenunua kitu ambacho hata anayekuuzia hajakwambia ni nini, na kuna mambo ya bure ambayo hujayafanya bado na ndiyo yanayoifanya saraka ilete faida au isilete.

Nianze na hilo la Google maana ndilo lililokutisha zaidi. Google haihitaji saraka yoyote ili ikuone. Kuna kitu kinaitwa Google Business Profile, hadi 2021 kilikuwa kinaitwa Google My Business, ni bure, unafungua kwa Gmail yako unaandika jina la biashara, unachagua aina ya huduma, unaweka namba na picha, ukishathibitishwa unaanza kutokea kwenye ramani mtu akitafuta mapambo ya harusi Dodoma. Kama vifaa unavitunza nyumbani na hutaki watu waje mlangoni unaficha anwani alafu unaorodhesha maeneo unayohudumia, wanaruhusu hadi maeneo 20, kwahiyo unaweka Dodoma mjini, Chamwino, Bahi, Kongwa, Mpwapwa, Kondoa, hata Manyoni kule Singida kama gari lako linafika. Kwenye kuthibitisha siku hizi mara nyingi wanataka video, unajirekodi mwenyewe bila kukatisha, unaonyesha mtaa, stoo yako yenye viti na vitambaa, na kitu chenye jina la biashara kama leseni au kibao. Alafu Google wenyewe wanaeleza kwamba kupanga nani aonekane juu wanaangalia vitu vitatu: biashara inaendana kiasi gani na kilichotafutwa, iko umbali gani na anayetafuta, na inajulikana kiasi gani, na hapo kwenye kujulikana ndipo maoni ya wateja wako yanapoingia. Nafasi kwenye orodha hiyo hailipiwi. Matangazo ya kulipia yapo, ila yanaandikwa kabisa kwamba hili ni tangazo. Kwahiyo mtu yeyote akikupigia akisema anatoka Google na anataka hela ili utokee kwenye ramani, kata simu.

Kuna ukweli kidogo ndani ya maneno ya huyo kaka na sitaki kuuficha. Saraka ina kurasa nyingi, kumbi, keki, MC, magari, mapambo, miji yote, na Google inapenda saiti zenye mambo mengi ya aina moja, ndio maana mtu akiandika "wapambaji Dodoma" ukurasa wa saraka unaweza kukaa juu ya akaunti ya mpambaji mmoja mmoja. Kuorodheshwa humo kunakusaidia. Lakini saraka nyingi zina nafasi ya bure au ya bei ndogo, na ukurasa wa saraka unaoonekana Google ni ule ule, uwe umelipa laki nne na themanini au hujalipa kitu, tofauti ni kwamba ukilipa unapandishwa juu ya wenzako ndani ya ukurasa huo. Basi la kujiuliza ni watu wangapi kwa mwezi wanafungua ukurasa wa wapambaji wa Dodoma. Hilo ndilo umuulize, na akupe kwa mkoa na kwa mwezi, maana takwimu ya Tanzania nzima kwako haina kazi, wengi wao wanatafuta ukumbi Mbezi na Sinza.

Sasa hao wateja 20. Neno "mteja" kwenye hii biashara lina maana nne na anayekuuzia huwa anachagua ile kubwa. Kuna aliyepita tu akaona picha yako, kuna aliyebonyeza namba, kuna aliyetuma ujumbe, na kuna aliyelipa advansi. Wewe ukisikia mteja unafikiria yule wa advansi. Alafu kuna jambo wengi hawalijui, saraka nyingi zina kile kitufe cha "omba bei", mtu akijaza pale ujumbe wake hauji kwako peke yako, unaenda kwa wapambaji wanne watano kwa mpigo, na kila mmoja wenu kwenye ripoti yake anaandikiwa kapata mteja. Mtu mmoja kahesabiwa mara tano. Nilishawahi kusimamia matangazo ya mpishi mmoja wa send-off, ripoti ya mwezi wa kwanza kutoka saraka aliyolipia ilikuwa imejaa majina, tukakaa tukapiga simu moja baada ya nyingine, wengi walikuwa wameshaongea na wapishi wengine tangu siku ile ile, na wengine walikuwa wanaulizia ukumbi kabisa.

Piga na hesabu hii. Wateja 20 kwa mwezi ni 240 kwa mwaka. Muulize ameuza nafasi ya juu kwa wapambaji wangapi wa Dodoma. Akikwambia mko kumi na kila mmoja ameahidiwa 20, hao ni watu 200 kila mwezi wanaotafuta mpambaji wa Dodoma kwenye saiti moja. We unaifahamu Dodoma, unajua kumbi zetu na Jumamosi zake, inakuingia akilini?

Nirudi kwenye zile simu za mwaka jana za kuulizia bei alafu kimya, maana hapo nadhani ulikuwa na kazi mkononi ukaiacha bila kujua.

Hizi saraka asili yake ni nje. Kule Marekani zile kubwa mbili, The Knot na WeddingWire, ambazo tangu mwisho wa 2018 ziko chini ya kampuni moja, zimejengwa kwa ajili ya bwana na bibi harusi wanaopanga wenyewe wawili, wanakaa na kompyuta, wanasoma maoni, wanachagua, wanalipa. Kwetu harusi inapangwa na kamati. Kuna mwenyekiti, katibu, mweka hazina, kuna mtu wa mapambo, mtu wa chakula, mtu wa vinywaji, na michango inaingia kidogo kidogo mpaka wiki ya mwisho. Anayekupigia kuulizia bei mara nyingi hana uwezo wa kukupa kazi hata akikupenda vipi, ametumwa. Kamati imemwambia alete bei za wapambaji watatu kikao kijacho, yeye akaingia mtandaoni akaokota namba tatu akapiga. Ukimtajia "inaanzia milioni na laki mbili" akasema sawa nitakutafuta, hajakudharau, anaenda kuandika kwenye karatasi yake, na kikao kikikaa Jumapili jioni watu wanaangalia tarakimu tatu kavu, na ile ndogo ndiyo inayoshinda maana hakuna kingine cha kulinganisha.

Kwahiyo mtu akikuuliza bei, kabla hujataja chochote muulize sherehe ni lini, ukumbi gani, watu wangapi, na KAMATI INAKAA LINI. Hilo swali la mwisho ni la thamani sana dada. Ukishajua wanakaa Jumapili, Ijumaa unamtumia kitu anachoweza kukipeleka kikaoni kama kilivyo: ukurasa mmoja kwenye WhatsApp, picha tatu za kazi zako kwenye ukumbi unaofanana na wao, bei mbili, ya kawaida na ya juu kidogo, na chini yake umeandika kila kilichomo, meza kuu, kapeti, vitambaa vya viti 250, maua ya meza, taa, usafiri, kufunga na kufungua. Yeye atairusha kwenye grupu la kamati na watu 30 wataiona wakiwa wanaongelea mapambo. Jumatatu asubuhi unapiga, unauliza kikao kilionaje. Ukiona wamekwama kwenye hela unawaambia cha kupunguza, taa zile au maua yale, na kile kinachobaki unakifanya kwa ubora wako ule ule. Nimeona wapambaji wanaofanya hivi tu, bila kulipia tangazo lolote, na simu zao za kuulizia bei zinageuka kazi. Kama hulifanyi hili saraka ya 480,000 itakuletea simu nyingi zaidi za aina ile ile, na kimya kingi zaidi.

Nani basi anatafuta mpambaji mtandaoni kwa dhati hapa kwetu? Mzaliwa wa hapa anauliza watu, shangazi ana mtu, mwalimu wa kwaya ana mtu. Anayetafuta mtandaoni ni yule asiye na wa kumuuliza. Tangu serikali itangaze kuhamia huku 2016 mji umepokea watumishi wengi ambao ukoo wao uko Mbeya au Moshi, wanaishi Ilazo, Kisasa, Mtumba huko, wanafanya kitchen party au ubarikio wa mtoto na hawajui pa kuanzia. Wengine ni watoto wa huku wanaofanya kazi Dar, send-off ya dada yao iko Kongwa au Mpwapwa na wao ndio wenye hela. Hao zamani ilikuwa siku nzima ya basi kuja kuangalia ukumbi, sasa tangu treni ya SGR ianze safari za Dodoma Julai 2024 mtu anakuja asubuhi anaona ukumbi na mpambaji anarudi jioni, ila lazima awe ameshakupata kwenye simu kabla hajapanda treni. Hawa ndio wateja wa saraka na wa Google. Sio wengi, lakini wengi wao wanalipa bila kusumbuana na wanataka uhakika kuliko bei ya chini. Ndio maana nasema saraka usiitupe, ila uijue inamvua samaki gani.

Twende kwenye hela. Tuseme kazi moja unatoza 1,200,000. Toa gari la mizigo 80,000, vijana sita wa kufunga na kufungua 25,000 kila mmoja, hiyo 150,000, maua na maputo 200,000, kufua na kupiga pasi 100,000, vya kuazima 200,000, ada ya ukumbi kwa mpambaji wa nje au kamisheni ya aliyekuunganisha 100,000, na 70,000 ya vitu vinavyochakaa. Unabaki na 300,000 na hapo hujajilipa usiku wako. Weka tarakimu zako halisi badala ya hizi. Kwa hesabu hii saraka inarudisha hela yake ukipata kazi mbili kwa mwaka, na muuzaji atakwambia hivyo, kazi mbili tu mama. Sawa, ila ziwe kazi mbili ambazo usingezipata bila saraka, na ziangukie siku ambayo hukuwa na kazi. Una seti moja, kwahiyo Jumamosi moja ni ukumbi mmoja. Chukua daftari lako la mwaka jana uhesabu Jumamosi ulizokaa nyumbani na zile ulizokataa wateja. Kama Desemba umejaa na ulikataa watu watatu, tangazo la Desemba litakuletea wa nne wa kumkataa. Kinachokuumiza ni miezi mikavu, kipindi cha Kwaresima na Ramadhani, na mwaka 2026 vyote viwili vimeanza katikati ya Februari karibu siku moja, yani harusi za kanisani na za msikitini zimesimama kwa pamoja. Ukilipia mwaka mzima umelipia na hiyo miezi.

Kwa hiyo mimi ningekuwa wewe ningefanya hivi. Mwezi huu ningefungua ile profaili ya Google na WhatsApp Business, nayo ni bure na ina sehemu ya katalogi ya kuweka picha na bei, na namba na jina viwe vile vile kila mahali hadi Instagram. Ningewapigia maharusi kama kumi wa nyuma, mmoja mmoja, nimuombe aandike maoni kwenye Google kwa maneno yake na ataje ukumbi. Usiwape zawadi wala punguzo ili waandike, Google wanakataza na maoni yanaweza kufutwa. Kwenye saraka ningeingia nafasi ya bure. Alafu ningetenga kama 150,000 kwa mpiga picha mzuri aje ukumbini saa moja kabla wageni hawajaingia, taa zikiwa zimewaka na viti vitupu, kwa sherehe moja au mbili. Hao vijana unaowaogopa wanakushinda hapo kwenye picha, kazi yako huenda ni nzuri kuliko yao. Na usiweke picha za Pinterest hata kama kila mtu anaweka, siku kamati ikikuta ukumbi haufanani na picha wataongea, na Dodoma mji mdogo.

Wageni na maharusi wanaoonekana sura waombe ruhusa kabla hujawaweka, ujumbe wa WhatsApp unatosha kuutunza. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, imeanza kutumika Mei 2023, na picha ya mtu anayetambulika ni taarifa yake.

Baada ya hapo, kama bado unaitaka nafasi ya juu, omba miezi mitatu badala ya mwaka, na uichague inayoanzia wakati watu wanapanga harusi za mwisho wa mwaka, yani kuanzia Juni au Julai. Kila anayepiga muulize ametupataje uandike kwenye daftari, na ukiweza weka laini nyingine kwenye saraka peke yake ili usibishane na ripoti yao. Miezi mitatu ikiisha hesabu advansi zilizoingia kupitia laini ile, hizo tu.

Kabla ya kulipa hata hiyo ya miezi mitatu kuna watu wa kuwaona uso kwa uso. Akikuletea mkataba usisaini kwenye simu, uchapishe, utafute mwanasheria au hata ndugu anayesoma vizuri mikataba aangalie unajirudia wenyewe mwaka ukiisha au la, unavunjwaje, na picha zako zinakuwa za nani. Angalia kama jina la kampuni limesajiliwa BRELA, wale wakala wa serikali wa usajili wa biashara, utafutaji unafanyika mtandaoni. Chagua wapambaji watatu walioko nafasi ya juu kwenye hiyo saraka mkoa mwingine, uwapigie kama mwenzao, waulize mwaka huu wamepata kazi ngapi za kulipwa. Kwa upangaji wa bei na mahesabu, nenda ofisi ya SIDO hapa mjini, lile shirika la serikali la viwanda vidogo, kukaa na mtu mezani na daftari lako kutakusaidia kuliko maandishi yangu. Na kama hela ilishatumwa mahali na namba haipatikani tena, usikae na aibu nyumbani, ipeleke ile namba kwa meseji kwenda 15040 ya kuripoti matapeli wa mitandao ya simu na ufungue jalada polisi ukiwa na muamala wako.

Ijumaa akipiga mjibu kwa upole, ni kijana yuko kazini. Mwambie: nitumie kwa maandishi ukurasa wa wapambaji wa Dodoma ulifunguliwa na watu wangapi kila mwezi kwa miezi 12 iliyopita, wapambaji wangapi wamelipia nafasi ya juu, maulizo yanaenda kwa mmoja au kwa wengi, na kama mnakubali miezi mitatu. Akikutumia, nitumie na mimi tuyasome pamoja. Akikwambia ofa imeisha, mshukuru, na jioni ile ile anza kupiga simu kwa wale maharusi kumi.